Kitanda cha Mkwe

Bangwe, Kigoma
12 Mei 1996

Mama Happy,

Nimefika, nimelala, nimeamka, na bado ninaelea. Hilo la mwisho ndilo ulilokuwa umelitilia shaka, kwa hiyo nalitanguliza.

Boti yetu nimeipaka rangi upya. Nasema yetu, ingawa najua ukifika hapo utasonya. Ubavuni imeandikwa LYSE, jina la binti wa yule Mbelgiji fundi wa visima aliyeiunda hapa hapa Bangwe, kisha akarudi kwao. Watu wa huku wameshanibandika jina, wananiita Baba Lyse, kwa hiyo siku ukija usianze kumtafuta mwanamke. Ina mlingoti mmoja, matanga mawili, na injini iliyokufa zamani ambayo nimeiacha humo iwe uzito tu. Chini ya sitaha kuna chumba kimoja, unaingia umeinama. Humo ndimo mna kila kitu: jiko la mafuta ya taa, kabati la vyombo, na kitanda cha watu wawili nilichokichonga mwenyewe. Maisha yangu yote ya kazi nimechora nyumba za watu wengine, mwisho wakanipunguza kwa karatasi ya mistari mitatu. Kitanda hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokichora nikakilalia.

Hapa hakuna mwenye nyumba anayegonga mlango, hakuna foleni ya maji bombani. Asubuhi natupa ndoo, naoga. Gervasi, jirani yangu hapa ufukweni, ananifundisha tabia za upepo wa ziwa hili, na kila siku ananitukana kidogo kidogo mpaka nimeanza kuelewa. Nikishaiva tutazunguka wote wawili, kusini mpaka Kipili, tunalala tunapochokea.

Njoo likizo ya Juni. Ukiichukia, treni ipo. Kibirizi zinaingia boti zimejaa watu kutoka Burundi, lakini huku Bangwe kumetulia.

Leodgar wako


Mtoni, Temeke
23 Mei 1996

Baba Lyse (ngoja nizoee),

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili kwa hasira. Mwanamume mzima anauza makochi ya sebuleni, anamwacha mke Temeke, anakwenda kulala juu ya maji! Walimu wenzangu wakiniuliza mume wangu yuko wapi nasema yuko safarini. Siwezi kuwaambia anaelea.

Mimi siji. Ziwa hilo nililivuka mwaka sabini na mbili, msichana wa miaka kumi na minne, tumelazwa ndani ya mtumbwi tumefunikwa nyavu zinazonuka, Mama kaniziba mdomo kwa kiganja nisikohoe. Mpaka leo maji yakinifika magotini natoka. Hilo unalijua tangu siku tuliyooana, na bado ukaenda kununua boti.

Lakini hayo tuyaache. Nina wasiwasi. Tangu Pasaka sijapata neno la Mama. Ile tisini na tatu nilimsihi asirudi Burundi, akasema amechoka kuwa mgeni Ujiji, anataka kulala kwenye shamba la marehemu Baba kule juu ya Nyanza-Lac. Haya, amelala huko, na sasa redio kila jioni inataja mapigano, inataja mikoa, kijiji chake haikitaji. Happiness naye ananiandikia kutoka chuoni Korogwe kuuliza habari za bibi yake.

Nenda Kibirizi, uwaulize watu wanaoshuka. Ila uulize tu. Usivuke. Nakuomba kwa jina la mtoto wetu, Leodgar, usivuke.

Candide


Bangwe
8 Juni 1996

Mama Happy,

Nimempata mtu. Eliakimu, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, amezungumza na mama mmoja aliyeshuka juzi kutoka kijiji kile kile. Mama yako yu hai. Yuko nyumbani kwake. Majirani wengi wameshakimbia, waliobaki ni wachache, mmoja wao anaitwa Ndizeye na ndiye anayempelekea maji. Yeye hakukimbia kwa sababu goti limevimba, hawezi kutembea mpaka mpakani, na wenye kumbeba wote wana watoto wa kuwabeba.

Nimewaomba wenye boti za Kibirizi mmoja baada ya mwingine. Wamekataa. Boti mbili zilipigwa risasi mwezi uliopita, na injini inasikika kutoka mbali sana.

Usikae ukahofu. Mimi niko hapa, ninajaribu matanga. Upepo wa kusini umeanza kuvuma sawasawa, nafikiri nitatembea nao kidogo kuelekea kaskazini kuona boti inavyokwenda. Kama barua zitachelewa, ujue ni posta.

Leodgar


Mtoni
14 Juni 1996

Leodgar,

Unanifanya mimi mtoto? "Nitatembea kidogo kuelekea kaskazini." Kaskazini kuna nini zaidi ya Mama?

Sina la kufanya. Nikikukataza namkataza Mama asiokolewe, nikikuruhusu nakutuma penye risasi. Nimesimama darasani leo nikasahau ninafundisha nini, watoto wakaniangalia tu.

Kama bado hujaondoka, nisubiri. Kuna jambo la kwetu linalokuhusu wewe na Mama, ilifaa nikueleze zamani. Si la kuandikwa mbio mbio, tena nikianza kuliandika naona haya mwenyewe. Nitakaa nilipange, nilitume kwa treni ijayo. Usiende kabla hujalisoma.

Candide


SIMU YA MAANDISHI
KIGOMA 19 JUNI 1996

NIMERUDI SALAMA. MAMA HAI. AMEKATAA KUPANDA BOTI. BARUA INAFUATA. LEODGAR


Bangwe
20 Juni 1996

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeikuta posta nilipokwenda kukupigia simu ya maandishi. Sikukusubiri. Sasa nisikilize, nikueleze yote, halafu unilaumu.

Nilifika asubuhi, upepo umenisukuma vizuri. Ndizeye aliniona kutoka shambani, akakimbilia kwa Mama. Walimteremsha kwenye ngobyi, yale machela yao ya kubebea wagonjwa, wanaume wanne. Amekonda, Candide. Aliponiona akajifunika uso kidogo kwa kitenge kama siku zote, akanisalimia akiangalia pembeni. Nikasema moyoni heri, ndiyo haya zake zile zile, basi ni mzima. Tukaingia naye majini, tukampandisha. Akakaa juu penye mlingoti, akashika kamba kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshaanza kufungua tanga.

Hapo ndipo sijui nilikosea nini. Jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Mama, usikae juani, karibu ndani." Nikafungua mlango wa chumba nimwonyeshe. Unanijua nikianza kuonyesha kazi yangu. Nikamwambia, Mama, hii usiione boti, hii ndiyo nyumba yetu mimi na Candide. Jiko letu hili. Na hiki ndicho kitanda chetu, nimekichonga kwa mikono yangu, jilaze humu unyooshe mguu. Nilikuwa nimekitandika shuka jipya kwa ajili yake.

Alikitazama kile kitanda. Kisha akanitazama mimi, usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nikuoe. Akasema, "Oya." Hapana. Akawageukia wale wanaume, akawaambia wamshushe.

Nilidhani ameona boti ndogo, anaogopa. Nikamwapia kwamba haizami. Nikamwomba. Nilipiga magoti majini mbele ya wale watu, wakawa wanaangalia miguu yao. Alisema neno moja tu zaidi: "Mukwe wanje, mwambie mwanangu umeniona." Wakambeba, wakapanda naye kilima. Risasi zilikuwa zinasikika huko nyuma, moja moja. Nikasubiri nikitumaini atageuka. Badala yake wakaja askari, wakauliza boti ni ya nani, inachukua nini, mmoja akanionyesha ziwa kwa mdomo wa bunduki.

Nimemwacha mama yako. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Ananichukia? Ni kwa sababu mimi mtu wa Mahenge? Miaka yote tukienda kumsalimia Ujiji ulikuwa unanipeleka kulala nyumba ya wageni, ukiniambia nyumba ya Mama ni ndogo. Nilikuamini. Sasa naona alikuwa hanitaki tu, na ninyi mlikuwa mnanifichia.

Leodgar


Mtoni
27 Juni 1996

Mjinga wewe. Mume wangu mpenzi, mjinga wewe.

Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Jirani kaja kugonga akidhani kuna msiba.

Mama anakupenda, ndiyo maana alishuka. Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake. Chumba anacholala mkwe hakikanyagi. Kitanda chake hata kukitazama hakitazami. Ni kama umemvua nguo hadharani, na wewe umevuliwa pamoja naye. Leodgar, ungefunga mdomo tu! Ingekuwa boti. Watu wanapanda boti moja na wakwe zao kila siku ya Mungu, hakuna anayeuliza. Alishapanda, alishashika kamba! Wewe ukaigeuza nyumba, ukamfungulia chumba, ukamwonyesha na shuka. Mbele ya Ndizeye na wanaume wa kijiji! Ulitaka afanye nini?

Na mimi unaniuliza kwa nini sikukuambia. Nani anamkalisha mumewe akamweleza kitu kama hicho? Nilikupeleka nyumba ya wageni, nikadhani umeelewa. Wenzetu wote wanaelewa. Tarehe kumi na nne nilikaa na kalamu nikaandika mstari mmoja, nikauchana kwa aibu. Nikajiambia, hata hivyo ni boti tu, itakuwa na mbao za kukalia.

Sasa tufanye hivi, wala usibishe. Hatapanda boti hiyo maadamu ni kwako. Hata ukipeleka Gervasi peke yake, atauliza nyumba ni ya nani, na Gervasi hawezi kumdanganya mama wa watu. Kwa hiyo isiwe kwako. Hama. Tafuta chumba mjini. Toa nguo zako, toa sufuria, toa mswaki. Hicho kitanda kitoe, tena kivunje, usikiweke mahali kikisubiri. Bangwe nzima ijue kwamba Leodgar halali tena kwenye Lyse. Usukani ashike Gervasi.

Na wa kumwambia Mama yote haya ni mimi. Hakuna mwingine atakayemwamini. Shule tumefunga, napanda treni ya wiki ijayo nikipata nafasi. Nitapanda hiyo boti yako, Leodgar. Nikifika usinipe pole, wala usiniulize kama naogopa. Ukiniuliza tu nitageuza.

Candide


Rusimbi, Kigoma
5 Julai 1996

Mama Happy,

Barua hii huenda ikapishana nawe njiani, lakini lazima nimwambie mtu.

Nimehama. Nimepanga chumba kwa Mama Eufrasia huku Rusimbi, mjane mwema, anapika maharage vizuri na anauliza maswali mengi. Gervasi amekubali kwenda nawe. Aliposikia sababu hakucheka hata kidogo. Yeye Muha, alishika kichwa tu akasema, "Ulimwonyesha kitanda? Wewe bwana!" Kumbe hapa kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Kitanda nimekivunja. Nilidhani nitafungua misumari taratibu, lakini nilikuwa nimekiunganisha vizuri mno, hakikutaka, ikabidi nitumie shoka. Mbao amechukua Mama Eufrasia kupikia.

Nitasema wazi kwa sababu hupo hapa kuniona: nimekasirika. Simkasirikii Mama wala wewe. Nimetafuta mahali pangu kwa miaka mingi, nikapata, nikapaka rangi, na sasa nalala kwenye mkeka katika chumba ambacho ukutani mtoto wa mpangaji aliyepita amechora magari. Chumba hakitikisiki. Naamka kila mara kwa sababu hakitikisiki. Basi. Nimeshasema, njoo.

Leodgar


Rusimbi
26 Julai 1996

Candide,

Barua hii nampa Eliakimu, naye atampa yeyote anayekwenda Kagunga, na huyo wa Kagunga atampa sijui nani. Najua haitakufika. Naiandika kwa sababu mikono haikai.

Wewe na Gervasi mngekuwa mmesharudi sasa. Gervasi alisema kwenda ni rahisi, upepo unawasukuma, na kurudi kutachelewa kwa sababu upepo huo huo utakuwa usoni. Hilo nalielewa. Lakini jana redio imetangaza kwamba jeshi limeipindua serikali ya kule. Watu wote wa hapa mtaani walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya Mama Eufrasia, na mimi nikatoka nje nisisikie mwisho. Kisha nikarudi kusikia mwisho. Hawakusema chochote kuhusu Nyanza-Lac.

Nakwenda Kibirizi kila siku. Boti zinazoingia naziangalia zote. Namuuliza kila mtu anayeshuka, mmeona boti ya matanga, nyeupe, ina mwanamke mrefu? Wanatikisa kichwa. Mama mmoja akaniambia ameona boti nyeupe imelala ubavu karibu na mwambao. Nikamuuliza, ina mlingoti? Akasema hakumbuki, alikuwa anahesabu watoto wake. Tangu hapo sijakaa chini.

Siku mlipoondoka ulinishika mkono, mkono wako ulikuwa baridi kama samaki. Nikaanza kukueleza habari za kamba, ipi ya tanga kubwa na ipi ya tanga dogo, na wewe ukawa unaitikia ndiyo, ndiyo. Kwa nini niliongea habari za kamba? Nilikuwa nataka kukuambia ubaki. Nilikuwa nataka kukuambia Mama aachwe, Mungu anisamehe, ila wewe ubaki.

Rudi.

Leodgar


Kagunga
31 Julai 1996

Baba Happy,

Tuko Kagunga, upande wa Tanzania. Tuko hai, mimi na Mama na Gervasi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unasoma ukiwa umesimama. Barua yako kijana mmoja wa hapa amenipa ikiwa imelowa, lakini nimeisoma, mpaka mwisho.

Tulichelewa kwa sababu askari walijaa mwambao wote, tukawa tunajificha kwenye matete na kungoja. Nyumba ya Ndizeye tuliikuta wazi, haina mtu. Mama alikuwa peke yake kwenye migomba, amekaa chini, na ndizi mbichi mapajani. Hakushtuka kuniona. Akasema, "Umechelewa, na umenenepa." Gervasi akambeba mgongoni.

Tulipofika ufukweni akaiona boti, akasema ni ile ile. Nikamwambia imebadilika, si ya mkwe wako tena.

"Mukwe wanje analala wapi?"

"Rusimbi, kwa mjane mmoja. Kwenye mkeka."

"Na kitanda?"

"Amekivunja."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, kwa shoka."

Nikadhani tumeshinda. Akakubali kupandishwa. Kisha akachungulia ndani, akaona sakafuni pale palipokuwa na miguu ya kitanda, rangi ni mpya, pengine pote imefifia. Akasema, "Kilikuwa hapa." Akakataa kuingia. Akasema atakaa nje mpaka Kigoma. Nikamwachia. Tukaanza kwenda.

Hatukufika mbali, wakaanza kutupiga kutoka ufukweni. Sijui kama walitulenga sisi, lakini tanga limetoboka. Gervasi akapiga kelele tulale. Mimi nikalala pale pale nilipokuwa, nimekumbatia mlingoti, nina miaka kumi na minne tena. Nilipoinua kichwa Mama hakuwepo. Nilidhani ameanguka majini. Alikuwa ameingia chumbani mwenyewe, anatambaa, na goti lake lile. Nilimkuta kwenye kona, pale pale palipokuwa na kitanda, amejifunika kitenge kichwani. Hakutoka humo mpaka Kagunga. Hata jana hakula.

Sasa upepo unatupiga usoni, Gervasi anasema tusubiri utulie. Tutashukia Kibirizi kwa sababu lazima aandikishwe kama mkimbizi. Nina mambo mawili, na yote mawili ni magumu.

La kwanza. Siku tukifika, Mama anaomba usiwepo. Nimemwambia mume wangu hatakaa nyumbani hata ukimfunga kamba. Akasema basi utupe mgongo. Ametoka chumbani mwako, hawezi kushuka huku unamwona. Usigeuke, Leodgar. Hata kunitazama mimi usigeuke. Mtume mtu aniambie uko wapi, nitakuja mwenyewe tukishamfikisha Bangwe.

La pili. Kambini hataki. Anasema ameshakaa chini ya turubai mara moja katika maisha yake, inatosha. Nikamuuliza basi utakaa wapi, akapapasa ubao wa boti. Nikaelewa. Nitakaa naye, nitaiandikia shule. Maana yake unaijua. Akikaa humo ni kwake, na wewe hutakanyaga tena. Boti uliyoiachia mji, mume wangu. Mimi niliyeapa kutoigusa ndiye nitakayelala humo, na wewe utakuwa Rusimbi na magari yako ya ukutani. Ukisema hapana sitakulaumu, nitatafuta njia nyingine, ingawa sijui ni ipi.

Naandika nikiwa juu ya maji. Angalia mwandiko, unatetemeka, lakini unasomeka.

Candide


Bangwe
10 Agosti 1996

Mukwe wanje,

Anayeandika ni Candide, maneno ni yangu. Nimemkataza asiongeze wala asipunguze.

Nashukuru kwa mafuta, kwa chumvi, kwa blanketi. Nashukuru kwa nyumba. Wale wa kuandikisha wameniruhusu nikae na mwanangu mpaka mguu upone. Candide ananiambia ulijibu ndiyo siku hiyo hiyo, kwa neno moja, kupitia kwa Eliakimu.

Nataka uelewe jambo. Mara ile ya kwanza nilishuka kwa kukuheshimu. Niliona afadhali waniue nikiwa mama mkwe wako. Nilikuwa nimetulia kabisa, usidhani nililia njiani. Mara ya pili, bunduki zilipolia, sikukumbuka mkwe wala heshima. Niliingia kama panya. Hakuna aliyenisukuma. Ndiyo maana siwezi kukutazama. Candide anasema huo ni upuuzi, kwamba kila mtu anajificha risasi zikilia. Yeye amekaa sana Dar es Salaam.

Kwetu ingefaa nikuletee kitu, kinywaji, mbuzi, watu wakae, wanywe, mambo yarudi mahali pake. Sina mbuzi. Shamba limebaki kule. Nakaa kwako, na wewe unakaa kwa watu. Mguu ukipona nitatafuta pa kwenda.

Na jingine. Siku ile Kibirizi nilipita karibu nawe. Walikuwa wameanika dagaa pale mchangani, wewe umesimama umeelekea kwenye dagaa, mikono nyuma. Ulikuwa umevaa shati la kwenda kanisani. Candide alikuwa mbele anatafuta njia, hakuona. Nilisimama. Nikakusalimia. Nilisema, "Amahoro, mukwe wanje." Hukusikia, na hukupaswa kusikia, upepo ulikuwa mkali na mimi sauti yangu imeisha. Lakini nilikusalimia. Nataka ujue kwamba nilikusalimia.

Mama yako, Mama Candide


Rusimbi
11 Agosti 1996

Mama,

Shikamoo.

Nilisikia. Ulipita upande wangu wa kushoto, mguu mmoja unaburuta. Ukasimama. Nikajua ni wewe kabla hujasema kitu, na nikajua kwamba Candide naye amefika, kwa sababu nilisikia anapiga chafya. Kisha ukanisalimia.

Nilikuwa nimeambiwa nisigeuke. Hakuna aliyeniambia kama naruhusiwa kuitikia. Niliogopa nitakosea tena, kama nilivyokosea na kitanda, nikauma midomo nikaendelea kutazama dagaa za watu. Mwenye dagaa aliniona nalia, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa. Nikamwambia wamefika.

Usiuharakishe mguu. Nyumba ni yako.

Amahoro, Mama.

Leodgar